Shahidi Wangu Alikuwa Mama

Nianze na hili, ili tusije tukaelewana vibaya: mdogo wangu si mwizi. Huyo nilimbeba mgongoni kwa kanga wakati mama akienda kuchuma kahawa kwenye mashamba ya watu. Nilimfuta kamasi, nikamfundisha kufunga kamba za viatu, nikamchapa aliyemchapa shuleni. Ni kitindamimba wetu. Na kwetu Meru, kitindamimba wa kiume ndiye anayebaki na mama na kihamba, yaani lile shamba la migomba na kahawa ambalo ukoo unarithishana na kuzikana humo humo. Sisi mabinti tunaolewa, tunaondoka. Mimi niliolewa, nikaondoka, halafu ndoa ikanishinda, nikaondoka na huko pia. Nikaja kupanga chumba kimoja mjini, Kwa Mrombo, na cherehani yangu na wanangu wawili. Nyumbani hakuna aliyewahi kunitamkia kwamba sina pa kurudi. Ila nilijua.

Ndiyo maana nilitaka kiwanja. Nilikipata Moshono, kidogo tu, mwenye nacho akakubali nimlipe polepole. Wenzangu sokoni walidhani nataka nyumba ya kupangisha. Nyumba nilitaka, sikatai, lakini kwanza nilitaka mahali ambapo nikifa, wanangu wasisimame na jeneza wakiulizana mama anapelekwa wapi. Mtu wa kwingine ataona ni mawazo ya ajabu kwa mwanamke mwenye afya yake. Kwetu si ya ajabu hata kidogo.

Mwaka ule kikoba chetu cha akina mama, cha kuweka na kukopeshana, kilivunjwa mwezi wa kumi na mbili, kila mtu akapewa chake mkononi. Changu, pamoja na akiba niliyokuwa nikiificha kwenye kopo la vifungo, kilifika milioni nne. Hiyo ndiyo ilikuwa imalize kiwanja. Nikaifunga kwenye kitambaa, nikaivaa kiunoni, nikapanda nyumbani kula Krismasi, kule juu ya Makumira.

Siku ya pili mdogo wangu akanifuata jikoni kwa mama. Alikuwa amesikia habari za kikoba, na sijui nani alimwambia. "Dada, nikopeshe," akasema. Kuna pikapu inauzwa, mwenyewe ana shida, anaiachia kwa bei ya kutupa. Ndizi zinaoza huku mlimani kwa kukosa usafiri. Msimu mmoja tu, dada, narudisha yote. Ana maneno matamu yule, tangu mdogo. Akikuomba kitu unaanza kujiona wewe ndiye uliyechelewa kumpa.

Nikasema sawa, lakini tuandikiane. Mama akaacha kukoroga loshoro yake ya mahindi na maziwa ya mgando, akaweka mwiko chini. "Kuandikiana? Unamwandikia mtu aliye hai?" Kwa mama karatasi ilikuwa imeingia katika nyumba ile mara moja tu, baba alipokuwa amelala kitandani amekwisha. Wazee wa ukoo walikuja na kalamu, wakaandika migomba ya nani inaishia wapi, na kesho yake baba akafa. Tangu siku hiyo, kuandika na kufa kwake vikawa kitu kimoja. Aliona nikimwandikia mdogo wangu nitakuwa nimemtabiria. Akanitazama kwa hofu ya kweli, na mimi nikaona aibu.

Akanawa mikono, akatutoa nje, akatupeleka kwenye kaburi la baba, pale nyuma katikati ya migomba. Akazihesabu zile hela mwenyewe, noti kwa noti, vidole bado vina maji. Kisha akamwambia baba kwa Kimeru: binti yako anamkopesha mdogo wake, naye atarudisha, nimekuambia na wewe ujue. Akamkabidhi mdogo wangu. Sikufichi, niliridhika kabisa. Niliona hakuna wakili duniani angeweza kunifungia mkataba mzuri kuliko ule.

Pikapu ikanunuliwa, na ilifanya kazi, msidhani ilikufa. Kila alfajiri ilishuka na ndizi, jioni ikapanda na saruji na mabati ya watu. Mdogo wangu akipita Kwa Mrombo ananiletea mkungu, ananiambia, "Dada, vumilia kidogo." Nikavumilia. Baada ya msimu nikaona anajenga. Nyumba ya tofali, madirisha makubwa, vigae mpaka barazani. Mama akatoka kwenye kile chumba cha moshi akapewa chumba chenye mlango wa kufunga na kitanda kipana. Nilifurahi kwa ajili ya mama, Mungu ni shahidi. Mapazia yale nilishona mimi, nikaenda kuyatundika kwa mikono yangu. Lakini nilipokaa kwenye kochi nilijua kabisa nimekalia kiwanja changu.

Nilipomuuliza, hakunijibu hela, alinijibu nyumba. "Dada, si unaona mwenyewe mama analala wapi?" Sasa utasema nini hapo? Utasema mama arudi kwenye moshi? Akaanza kunizungusha. Mara kahawa bado haijalipwa, mara pikapu imeua gia, mara nitakupigia, na simu haipigwi. Mwenye kiwanja alinisubiri mpaka akachoka. Akanirudishia nilichokuwa nimetoa, akakata cha usumbufu, akamuuzia mtu mwingine. Siku hizi nikiwa na safari ya upande ule napita njia nyingine.

Hata hapo nilikuwa bado najikaza. Kilichonimaliza ni maneno niliyoletewa na jirani yetu wa nyumbani, aliyekuja kushonesha gauni. Akaniambia, tena kwa kunisifu, kwamba mdogo wangu anasema kila mahali jinsi dada yake alivyotoa mchango mzito kwa nyumba ya mama. Mchango. Nilikaa na lile gauni mapajani, sindano mkononi, nikalia mbele ya mteja.

Nilikwenda kwanza kwenye ukoo, kama inavyotakiwa. Baba mkubwa akaitisha kikao. Walikula, wakanywa soda, mdogo wangu akainamisha kichwa akasema atalipa kahawa ikiuzwa. Wazee wakamsifu kwa unyenyekevu, mimi wakaniambia nisiwe na haraka. Mmoja akaongeza kwamba binti aliyekwisha kuolewa hasumbui kihamba. Nikamwambia shikamoo yake nilishampa asubuhi, lakini kihamba sijakigusa, nimegusa pikapu. Hawakupenda. Kahawa ikauzwa na hela sikuiona.

Sokoni nako kila mtu alikuwa na ushauri. Wengi walisema nimpeleke polisi wamlaze ndani siku mbili, hela itatoka yenyewe. Nilishafunga cherehani niende. Kilichonizuia ni mama mmoja mteja wangu, ambaye ni msaidizi wa kisheria wa kata, aliyekuja kuchukua sare za mtoto. Akanikalisha kwenye benchi langu mwenyewe. "Mama, deni si jinai," akaniambia. "Polisi si wakusanya madeni. Ukimfungisha kwa kudanganya kwamba amekuibia, kesho wewe ndiye utakuwa na kesi." Sikuwa nimewahi kusikia mtu akiliongelea jambo langu bila kupaza sauti.

Akanieleza taratibu, na mimi nikazishika. Kwanza barua ya madai, yenye kiasi na tarehe ya mwisho. Akipuuza, baraza la kata, watupatanishe. Ikishindikana, mahakama ya mwanzo ya kule anakoishi. Huko sihitaji wakili, nasimama mwenyewe na kueleza kwa mdomo wangu. Nikishinda, mahakama inaweza kumpangia alipe kidogo kidogo, na akikaidi, mali yake inakamatwa na kuuzwa, mfano ile pikapu. Nikamuuliza, na nyumba? Akasema nyumba anayoishi mtu na familia yake haiguswi kwa deni la namna hii. Nikamuuliza tena. Sikutaka hata kigae kimoja, nilitaka mama abaki kitandani kwake na mimi nipate changu, vyote viwili kwa pamoja.

Kisha yeye akaanza kuniuliza. Una maandishi? Sina. Ujumbe wa simu anaoahidi kulipa? Huwa anapiga, haandiki. Ulimtumia kwa simu? Nilimpa taslimu. Shahidi je? Nikasema mama yangu. "Na mwingine?" Nikasema baba, ila ni marehemu. Hakucheka. Akaniambia basi kesi yako yote ni mama.

Barua niliandika naye, nikaipeleka. Kwenye baraza la kata mdogo wangu alikuja mara moja, akasema atalipa, mara ya pili hakutokea. Ndipo nikafungua madai mahakamani. Kabla ya siku ya kusikilizwa nikapanda kumwona mama, nikimbebea unga na mafuta. Nilikuwa nimeshaamua jambo moja: simwiti. Yule msaidizi wa kisheria alinisihi niombe mahakama imwite. Nikamwambia mama yangu ana miaka mingi, anakaa kwa mwanawe, anakula kwa mwanawe, siwezi kumsimamisha katikati yetu. Nitasema ukweli wangu peke yangu na hakimu ataona.

Mama alinipokea vizuri, akanipa chai. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Wakija kupima, watapima mpaka alipolala baba yako?"

"Nani wanakuja kupima, mama?"

"Watu wa mahakama. Wakichukua shamba, kaburi litakuwa la mwenye shamba. Na mimi mtanipeleka wapi?"

Nikajua mdogo wangu ameshamjaza hofu kichwani. Nikamshika mikono, nikamweleza yote niliyoelezwa: nyumba haiguswi, shamba silidai, kaburi hakuna wa kulikaribia, kinachotafutwa ni hela tu na kilicho hatarini ni gari tu. Nikarudia kwa Kimeru na kwa Kiswahili. Akaitikia, "Sawa, mwanangu." Lakini aliitikia vile anavyomwitikia daktari, kisha anarudi nyumbani kufanya anachojua. Alikuwa amemzika mume pale na kujichagulia nafasi ya ubavuni pake, na maneno yangu ya mjini hayakuwa na uzito wa kumwondoa kwenye hofu hiyo. Nilimwelewa. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba nilimwelewa kabisa.

Siku ya kesi nilisimama nikaeleza. Nilieleza kikoba, pikapu, Krismasi, jikoni kwa mama. Kuhusu kaburi sikusema. Niliogopa mdogo wangu akidai mama aletwe athibitishe, itakuwa ni mimi niliyemwingiza. Hakimu akauliza kama nina shahidi, nikasema sina. Akaandika.

Zamu ya mdogo wangu ikafika. Akaapa, akasema hela zile zilikuwa mchango wangu kwa nyumba ya mzazi, na kwamba nilibadilika baada ya kushindwa maisha mjini. Hayo nilikuwa nimeyatarajia. Halafu akasema, "Mheshimiwa, nina shahidi mmoja."

Mlango ukafunguliwa, akaingia mama.

Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na raba nyeupe alizonunuliwa na mdogo wangu. Alitembea ameshika kuta. Mimi niliyekataa kumwita nilikaa pale nikimtazama akipanda kwenye kile kizimba, na aliyemwita alikuwa amemleta kwa gari alilonunua kwa hela yangu. Karani akampa Biblia. Mama anaimba katika kanisa lile la Kilutheri pale nyumbani tangu akiwa msichana, Biblia yake ina jalada la kitambaa nililomshonea. Akaishika ile ya mahakama kwa mikono miwili, akaapa.

Akaulizwa anajua nini kuhusu hela zile. Akajibu kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno, kile anachotumia kwa wageni. "Binti yangu alisaidia nyumba. Mkopo mimi siujui." Alisema akitazama mguu wa meza. Hakimu akamuuliza kama ana uhakika, akasema, "Siujui."

Hakimu akanigeukia. "Mdai, una maswali kwa shahidi?"

Yule msaidizi wa kisheria alikuwa amenifundisha: usigombane na shahidi, uliza swali fupi. Mimi nilikuwa nalo fupi kuliko yote. Mama, siku ile tulisimama wapi? Basi. Ninamjua mama yangu. Mkopo angeweza kuukana, kwa sababu ni neno tu. Lakini kukana kwamba alisimama mbele ya baba akamweleza, hilo asingeweza, ulimi usingemtii. Angesema. Angesema pale pale, mbele ya watu wote, na kesi ingekuwa yangu, na hela, na pengine kiwanja kingine mahali fulani. Na kila mtu katika chumba kile angejua mama yangu ameshika Biblia akasema uongo. Angetoka pale akapande gari la mwanawe baada ya kumwangusha kesini, arudi kulala katika nyumba yake. Na nilikuwa nimeshaambiwa kwamba kuapa uongo, hilo sasa ndilo jinai.

Mdogo wangu alikuwa akipapasa simu yake. Nilimchukia wakati ule, sitaki kudanganya, nilimchukia kwa moyo wangu wote, yule niliyembeba mgongoni. Si kwa sababu ya hela. Ni kwa kuwa alijua. Alijua mimi sitamuuliza mama, ndiyo maana akamleta.

"Sina swali, mheshimiwa."

"Una uhakika? Ni haki yako kumuuliza."

"Nina uhakika."

Mama akashuka. Hakunitazama.

Hukumu ilisema madai hayakuthibitishwa, kwa kuwa nilileta maneno matupu, na nina siku thelathini za kukata rufaa mahakama ya wilaya. Sikumlaumu hakimu, angefanya nini? Yule mama wa sheria akanipigia simu kuniuliza kama tuandae rufaa. Nikamwambia ni msimu wa sare, nimezidiwa na kazi. Akasema ananielewa. Siku zikapita nikiwa kwenye cherehani.

Nilidhani nimemwokoa mama. Nilijiambia hela imekwenda, mdogo wangu amekwenda, lakini mama amebaki, maana yeye na mimi tunajua nilichokinyamazia. Nikaacha miezi ipite ili aibu ipoe. Kisha nikanunua sukari, chumvi, majani ya chai na fulana ya baridi, nikapanda. Ulikuwa mwezi wa saba, mlima wote umefunikwa na ukungu. Mdogo wangu hakuwepo, pikapu haikuwepo. Nikapiga hodi barazani, nikaita, "Mama, ni mimi."

Nikasikia kiti kikisogezwa ndani. Nikasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa.

Nikaingia. Kikombe chake kilikuwa mezani kinatoa moshi, redio inaongea peke yake. Nikaenda mpaka dirisha la nyuma, nikasogeza pazia. Nikamwona amesimama kule kwenye migomba, kajificha nyuma ya mgomba mmoja mnene, sketi yake inaonekana upande huu na kiwiko upande ule. Hakuwa na sweta. Nikakaa. Nilikaa mpaka chai yake ikapoa kabisa, nikidhani atachoka, atarudi, tutalia, yaishe. Hakurudi. Manyunyu yakaanza.

Nikapanga vitu vyangu mezani, fulana nikaikunja juu. Nikatoka kwa mlango wa mbele, nikazunguka hadi pembe ya nyumba ili anisikie vizuri, bila kutazama upande aliokuwa.

"Mama, mimi naondoka," nikasema. "Rudi ndani, kuna baridi."